Pumzi Kwanza, Mashine Baadaye: Mwongozo wa Kumkagua Mgonjwa

Fungua jalada lolote wodini, tazama safu ya upumuaji kwenye chati. Mara nyingi utakuta 20 asubuhi, 20 mchana, 20 usiku. Nenda kitanda cha pili: 20. Mwenye nimonia anapumua mara 20 kwa dakika, aliyevunjika mguu mara 20, na mama aliyejifungua jana naye mara 20. Wagonjwa thelathini hawapumui kwa pamoja kama wanakwaya. Kilichotokea kila muuguzi anakijua: joto lilipimwa kwa sababu kipimajoto kipo, presha ikapimwa kwa sababu mashine ipo, na pumzi zikabuniwa kwa sababu zinadai saa yenye mshale wa sekunde na dakika nzima ya kusimama kimya.

Na upumuaji ndio ambao mara nyingi hubadilika kwanza mgonjwa anapoanza kuzidiwa, hata saa kadhaa kabla presha haijashuka. Ndiyo maana mwongozo huu unaupa nafasi ya mbele. Umeandikwa kwa ajili yako wewe mwanafunzi wa uuguzi unayeingia wodini kwa mara ya kwanza, na wewe uliyepangiwa zahanati ambako mashine ya oksijeni iko wilayani. Mambo yamepangwa kwa uzito wake kwa maoni yangu, wala si kwa utaratibu wa kitabu. Kama kituo chako kina mwongozo wa wizara uliobandikwa ukutani, huo ndio wa kufuata.

Ukiwa bado mlangoni

Kabla hujachukua kifaa chochote, simama mlangoni utazame chumba kizima. Nani ameketi akiinamia mbele, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka? Huyo anapigania hewa. Nani amelala kimya mno huku mwenzake wa jirani akilalamika kwa sauti? Anayepiga kelele njia yake ya hewa iko wazi na ubongo wake unafanya kazi. Mfuate kwanza aliyenyamaza. Mtoto aliye mapajani mwa mama anakufuata kwa macho, au anatazama tu bila kuona? Dripu inadondoka au imekauka tangu alfajiri? Mfuko wa mkojo una kitu? Chini ya kitanda kuna beseni la matapishi, na rangi yake ni ipi?

Kwa watoto, mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya kupanga wagonjwa wa dharura yanawagawa katika makundi matatu: wa kuhudumiwa sasa hivi, wa kupewa kipaumbele, na wanaoweza kusubiri foleni. Mgawanyo huo unafaa hata wodi ya watu wazima, na kwa mtu aliyezoea hauchukui muda mrefu. Usianze na kitanda cha 1 kwa sababu tu ndicho kilicho karibu na mlango.

Ukimkuta aliyezidiwa, kuna utaratibu mmoja usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mfunue umwone mwili mzima. Tatizo likijitokeza katika hatua moja, lishughulikie hapo hapo kabla ya kwenda ya pili. Hakuna faida ya kujua joto la mtu ambaye ulimi umeziba koo lake.

Salamu ni kipimo

Wauguzi wa nchi zetu wana bahati ambayo vitabu vya kigeni havina. Ukimwamkia mzee, “Shikamoo babu,” naye akajibu “Marahaba mwanangu, hujambo?” kwa pumzi moja, umeshajua mengi: njia yake ya hewa iko wazi, ana hewa ya kutosha kumaliza maneno, anasikia, anaelewa, na anajua kwamba wewe ni mdogo kwake. Akisema “Mara...” akavuta hewa, “...haba,” tayari una jambo la kuandika. Akikutazama tu, au akakuita kwa jina la binti yake aliyeko Mwanza, fahamu zake zinahitaji kuangaliwa upya.

Ila jibu lenyewe usiliamini. Sisi tumelelewa kujibu “sijambo” hata tukiwa mahututi. Mama anaulizwa “Umeamkaje?” anasema “Salama, namshukuru Mungu,” na wakati huo huo shuka imelowa damu. Kuna wodi ambazo ripoti ya zamu nzima imejengwa juu ya salamu hizo. Ukishaitikiwa, uliza la pili: “Na usiku ulilalaje? Uliamka mara ngapi? Nini kilikuamsha?” Hapo ndipo maelezo yanapoanza.

Jinsi ya kuhesabu pumzi

Mtu akijua kwamba unahesabu anavyopumua, hubadilisha anavyopumua. Kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unahesabu mapigo ya moyo, kisha hamishia macho kwenye kifua au tumbo. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kuna kasoro yake: ukikosea pumzi moja tu, umekosea nne. Kama hakuna saa ukutani, simu yako ina kipima muda.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mfumo wa alama za onyo unaotumika hospitali za Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017, unatoa alama 3, yaani alama ya juu kabisa kwa kipimo kimoja, kwa mgonjwa anayepumua mara 25 au zaidi, au mara 8 na chini yake. Alama 3 katika kipimo kimoja tu zinatosha kumwita daktari aje kumwona. Huhitaji kuwa na mfumo huo kituoni kwako ili uifanyie kazi namba hiyo. Ukihesabu 26, hesabu tena, kisha tafuta sababu.

Kwa mtoto, sharti ni utulivu. Akilia au akinyonya, hesabu haina maana. Mwache mapajani mwa mama, mwombe mama apandishe shati, subiri. Mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa unaotumika kwenye zahanati zetu umeweka mipaka iliyo rahisi kukariri: chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi ni kupumua haraka, miezi 2 hadi 11, mara 50, mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, mara 40. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, rudia kuhesabu, kwa sababu vichanga hupumua kwa vipindi visivyo sawa.

Namba peke yake haitoshi. Tazama sehemu ya chini ya kifua: inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa? Matundu ya pua yanatanuka? Anaguna kila anapotoa pumzi? Kuna mlio mkali anapovuta hewa akiwa ametulia? Kwa mtu mzima, tazama misuli ya shingo. Pumzi za haraka na za kina sana, kifua kikiwa hakina mlio wowote, zikufanye ufikirie kisukari kilichopanda hadi damu ikawa na asidi, mpime sukari. Mwenye pumu aliyekuwa akikoroma kifuani kisha akanyamaza ghafla huenda hajapona: huenda amechoka, na hewa haipiti tena. Pumzi za polepole nazo zikutishe, hasa kwa aliyechomwa mofini au aliyeumia kichwa.

Mapigo na presha: usidanganywe na kijana

Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye mshipa wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake. Mtu mzima huwa kati ya 60 na 100. Ukiwa hapo hesabu, na sikiliza kwa vidole pia: mapigo yamejaa au ni membamba kama yanataka kupotea? Yana mpangilio? Mkono wenyewe una joto au umepoa hadi kwenye kiwiko? Kisha bonyeza kucha hadi iwe nyeupe, achia, hesabu. Damu irudi ndani ya sekunde 2. Kwa mtoto, zaidi ya sekunde 3 pamoja na mikono ya baridi na mapigo dhaifu yanayokimbia ni mshtuko wa mwili unaohitaji msaada papo hapo. Asubuhi ya Makete au Limuru kila mtu ana vidole vya baridi, basi bonyeza katikati ya kifua badala ya kucha.

Presha hushuka mwisho. Mwili wa kijana, wa mtoto na wa mama aliyejifungua unajua kubana mishipa na kuongeza kasi ya moyo ili presha isimame, unavumilia, unavumilia, kisha unaanguka ghafla. Muuguzi anayesubiri presha ishuke ndipo ashtuke amechelewa. Chukua mama aliyejifungua saa moja iliyopita: presha 105/70, mapigo 118. Ukitazama presha pekee utaandika “kawaida.” Linganisha namba mbili: mapigo yamepita namba ya juu ya presha. Popote mapigo yanapoizidi namba hiyo kwa mtu mzima, dhania damu inapotea hadi uhakikishe vinginevyo. Bonyeza tumbo usikie kama mji wa mimba ni mgumu au umelegea, funua shuka, tazama chini yake na chini ya mgongo.

Katika jambo hili la damu tuna ushahidi wa kwetu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wenye wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Upande mmoja wakunga waliendelea kukadiria damu kwa macho. Upande wa pili waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, na damu ikivuka kiwango walitoa matibabu yote kwa mkupuo: kusugua mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kukagua chanzo. Waliokadiria kwa macho waligundua karibu nusu tu ya waliotokwa damu nyingi, asilimia 51. Waliopima waligundua asilimia 93. Matukio ya kutokwa damu kupita kiasi, ya kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu au ya kufa kwa ajili yake yalipungua kwa asilimia 60. Wakunga wa pande zote mbili walikuwa na ujuzi. Tofauti ilianzia kwenye kupima.

Sasa presha yenyewe. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu bila kukunjwa nne, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo. Asiongee, na wewe usimsemeshe. Awe amekwenda haja ndogo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi. Usiupitishe juu ya mkono wa koti. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli, na kosa hilo limewapa watu wengi vidonge wasivyovihitaji. Ukitumia stetoskopu, pandisha huku umeshika mshipa wa kifundo cha mkono hadi mapigo yapotee, ongeza 30, kisha shusha polepole, kiasi cha milimita 2 kwa sekunde. Njia hiyo ya kusikiliza ilielezwa na daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na bado ndiyo hakimu pale mashine ya betri inapotoa namba za ajabu. Namba 140/90 au zaidi, iliyopatikana zaidi ya mara moja, ni presha ya juu. Kwa mjamzito aliyepita wiki 20, namba hiyo hiyo inakudai upime protini kwenye mkojo na uulize kichwa, macho na maumivu ya juu ya tumbo, maana kifafa cha mimba huanza hivyo. Ikifika 160/110, ni dharura.

Joto na oksijeni

Joto halitaki maneno mengi. Kausha kwapa kwanza, ncha ya kipimajoto iguse ngozi, mkono ubanwe. Kwapani, 37.5 na kuendelea ni homa. La kukumbuka ni kwamba mzee, mtoto mwenye utapiamlo na kichanga wanaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Kichanga mwenye joto chini ya 35.5 yuko hatarini sawa na mwenye 38.

Oksimita ya kidole ni kifaa kizuri kinachotumiwa vibaya. Soma kwanza kama mapigo inayoonyesha yanalingana na uliyohesabu kwa mkono. Yakitofautiana, namba ya oksijeni usiiandike. Rangi ya kucha iondolewe. Kwa bibi harusi wa Mombasa au Unguja, hina nyeusi na piko vinaweza kuizuia mashine kuona, basi ihamishie kwenye ndewe ya sikio au kidole kisichopakwa. Kidole cha baridi kisuguliwe kwanza. Kawaida ni 95 hadi 100. Chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu kuliko wengine. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya mshipa, wakakuta kwamba kwa wagonjwa weusi mashine ilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyofanya kwa weupe. Taa ya kifaa hupita kwenye ngozi, na ngozi yenye rangi nyingi huichanganya. Kwa hiyo oksimita ikisema 93 kwa mtu anayehema mara 30, amini pumzi.

Ngozi nyeusi

Vitabu vingi tulivyosomea vilichorwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema mgonjwa “anageuka bluu,” “anapauka,” “ana wekundu.” Ukisubiri kuona hayo kwenye shavu la Mmakonde au Mluo utasubiri hadi asubuhi. Jifunze mahali pa kutazama.

Upungufu wa damu uko kwenye viganja, kwenye ngozi ya ndani ya kope la chini, kwenye ulimi. Weka kiganja cha mtoto kando ya chako na cha mama yake, mkiwa dirishani. Upungufu mkubwa wa oksijeni uangalie kwenye ulimi na fizi, ambako rangi hugeuka kijivu au zambarau; wenye fizi nyeusi kwa asili wapo, basi ulimi ndio shahidi bora. Umanjano utafute kwenye weupe wa jicho, kwa mwanga wa jua. Taa za wodini hudanganya. Watu wazima wengi wana madoa ya kahawia machoni tangu zamani, hivyo tazama pia kaakaa la juu na chini ya ulimi.

Uvimbe wenye maambukizi huwa mweusi zaidi ya ngozi ya jirani, au zambarau, nao una moto. Tumia mgongo wa mkono wako: pitisha mguu mmoja, kisha wa pili, ulinganishe. Ndivyo utakavyokamata vidonda vya kulala kabla havijafunguka. Kwa aliyelazwa muda mrefu, mgeuze, gusa makalio, nyonga na visigino. Mahali palipo pagumu au palipo na joto kuliko pembeni, hata kama macho hayaoni kitu, kidonda kimeshaanza chini.

Kwa mtoto anayeharisha, kunja ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili, achia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo ni dalili ya upungufu mkubwa wa maji. Kuhusu macho kuzama, muulize mama kama ndivyo mwanawe alivyo siku zote. Halafu bonyeza nyayo zote mbili kwa dole gumba. Zikibaki na shimo zote mbili, fikiria utapiamlo, na mzungushie utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali.

Fahamu, na sukari inayosahaulika

Njia ya haraka ina ngazi nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii chochote. Hospitali kubwa hutumia kipimo cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na Teasdale na Jennett, chenye alama 3 hadi 15. Kwa watoto wadogo wenye malaria kali kuna cha Blantyre, kilichotoka Malawi, chenye alama 0 hadi 5. Chochote utakachotumia, andika alichofanya mgonjwa pamoja na alama: “anafungua macho akiitwa, anasema maneno yasiyoeleweka, anasogeza mkono wa kulia tu.” Wa zamu ijayo ataweza kulinganisha.

Kila aliyepoteza fahamu, aliyeshikwa na degedege au aliyechanganyikiwa ghafla, mpime sukari kabla ya kuwaza jambo jingine. Mtu mzima akiwa chini ya 3.9, ameshuka. Mtoto chini ya 2.5, au chini ya 3 kama ana utapiamlo, anahitaji sukari sasa. Wapo watu waliopelekwa kwenye maombi, au waliodhaniwa walevi wakaachwa benchi, na kumbe walichokosa ni glukosi.

Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye lolote kati ya haya hasubiri foleni: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki.

Maswali

Uliza “Nini kimekuleta?” kisha nyamaza. Watu wetu huanza mbali, na anayekatizwa haraka hutoa jibu analodhani unalitaka. Ukishapata shina la habari, fuatilia: lilianza lini, liko wapi, linatembea kwenda wapi, nini kinalizidisha, nini kinalipunguza.

Kuhusu “lini,” wengi hawatakupa tarehe. Waulize ilikuwa kabla au baada ya Ijumaa, ya gulio, ya adhana ya alfajiri. Na angalia saa: mgonjwa akisema alimeza dawa saa nne, muulize ya asubuhi au ya usiku, halafu kwenye chati uandike 10:00 au 22:00. Dozi hurudiwa kwa makosa kwa sababu mtu mmoja aliandika saa ya Kiswahili na mwenzake akaisoma ya kizungu.

Akisema ana presha, uliza nani alimpima na ilikuwa ngapi, maana wengi humaanisha moyo kwenda mbio au kizunguzungu. Usimwulize “Unameza dawa zako?” Kila mtu atasema ndiyo. Uliza “Dawa ziliisha lini?” Utashangaa. Uliza za duka la dawa, za jirani, za mitishamba, na ulizie kwa sauti isiyo na shutuma, la sivyo hutajibiwa. Uliza kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumtoa vipele. Maswali ya ARV, ya kifua kikuu, ya hedhi ya mwisho na ya mimba hayaulizwi mbele ya shemeji. Watume ndugu wakanunue maji.

Maumivu nayo yana adabu zake. Kipimo cha 0 hadi 10 hakimwingii kila mtu. Bibi wa kijijini atakuambia “saba” kukuridhisha. Muulize kama ni kidogo, ya wastani, makali, au hayavumiliki, kisha tazama kama anaweza kugeuka, kukohoa, kutembea hadi chooni. Wapo wanaume waliofunzwa jandoni kutolia, na wapo akina mama wanaoona aibu kupiga kelele leba. Kimya chao kisikufanye uwanyime dawa.

Na mwenye mgonjwa msikilize. Anayelala chini ya kitanda siku tatu anaona ambacho wewe mwenye vitanda arobaini huwezi kuona. Mama akisema “mwanangu leo siye,” rudi upime upya hata kama namba za asubuhi zilikuwa nzuri.

Ukifika kwenye tumbo, tazama kwanza, sikiliza, ndipo uguse, kwa sababu kugusa hubadilisha sauti za matumbo. Mahali panapouma paguswe mwisho, na macho yako yawe usoni kwake. Mwenye mrija wa mkojo, soma kiasi: mtu wa kilo 60 atoe angalau mililita 30 kwa saa. Vilivyobaki, kichwa hadi unyayo, utavifuata kwenye fomu.

Kuandika na kupiga simu

“Hali nzuri, anaendelea vizuri” ni maneno ambayo hayamsaidii yeyote. Andika saa, namba, na ulichokiona. Kama hukupima, acha nafasi wazi na uandike sababu: mashine haina betri, mgonjwa yuko eksirei. Nafasi wazi humfanya mwenzako apime. 20 ya kubuni humfanya apite.

Kipimo kimoja ni habari ndogo. Chora mstari. Mapigo 84, 96, 108 katika saa sita yanasema zaidi ya 108 iliyosimama peke yake, ingawa kila moja ukiitazama kivyake haishtui sana. Na kila ulipotoa kitu, rudi uone kilifanya nini: baada ya dawa ya maumivu, baada ya dripu, baada ya oksijeni. Ukianza kuongeza damu, kaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, kwa kuwa athari mbaya nyingi huanzia hapo.

Ukilazimika kumwamsha daktari, panga maneno kabla hujabonyeza namba: wewe ni nani na uko wapi, mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, unadhani ni nini, unaomba nini. Kwa mfano:

“Daktari, samahani kwa usiku huu. Ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Nina mama wa miaka 24, mimba ya pili, amejifungua kawaida saa moja iliyopita. Mapigo yalikuwa 90, sasa 118, presha 105/70, anapumua mara 26, mikono ya baridi. Mfuko una mililita 700. Mji wa mimba umelegea. Nimeusugua, nimempa oksitosini na asidi ya traneksamiki, dripu inakimbia, naona bado anavuja. Naomba uje sasa, na nimetuma mtu maabara kwa ajili ya damu.”

Usiseme “mama hayuko vizuri kidogo.” Daktari aliyelala ataisikia hiyo “kidogo” na kulala tena. Andika saa uliyopiga na alichojibu. Kama hapokei, piga tena, kisha mpigie anayemfuata kwenye orodha ya zamu, na wakati simu inaita mtu mwingine awe kando ya kitanda anahesabu pumzi.